Kamera ya darasani imtazame mwanafunzi

Mwalimu akitoka darasani ukamuuliza kipindi kimekwendaje, mara nyingi atakusimulia andalio lake la somo. Hadanganyi. Kwa dakika 40 alikuwa anaandika ubaoni, anatafuta mfano, anatupia saa jicho, anamnyamazisha mmoja kule nyuma na kukumbuka hatua inayofuata, yote kwa pamoja. Kinachobaki kichwani baada ya shughuli hiyo ni mpango wenyewe na vipande viwili vitatu vilivyomgusa: swali zuri aliloulizwa, au kelele zilizomkera. Yaliyotokea dawati la nne upande wa dirisha hayamo, kwa sababu hakuyaona.

Simu aliyonayo mfukoni inaweza kumrudishia hayo, na ndiyo maana walimu wanashauriwa sana wajirekodi wakifundisha. Tatizo ni kwamba ushauri huishia hapo. Mwalimu anaegemeza simu nyuma ya darasa, anaielekeza ubaoni, na jioni anajitazama. Anaona shati limemkaa vibaya, anasikia sauti asiyoifahamu, anafunga. Harudii tena. Kwa maoni yangu kamera ilitazama pasipostahili. Alichokifanya ubaoni mwalimu anakijua, au walau anajua alichokusudia. Asizozijua ni nyuso zilizokuwa zinamwelekea. Hizo ndizo za kurekodi. Yeye inatosha asikike.

Kuhusu sauti, jambo hili lielezwe mapema lisimkwamishe mtu. Tunapozungumza, sauti yetu hutufikia kwa njia mbili: kupitia hewani hadi sikioni, na kupitia mifupa ya fuvu, ambayo huiongezea uzito. Kwenye rekodi njia ya mifupa haipo, kwa hiyo tunajisikia wembamba na wageni. Wanafunzi wameisikia sauti hiyo hiyo tangu siku ya kwanza na hawajaona ajabu. Baada ya rekodi tatu au nne masikio huzoea.

Hata watafiti waliorekodi masomo kwa wingi walifika kwenye hitaji hili kwa hatua. Utafiti wa video wa mwaka 1995 wa TIMSS, mradi wa kimataifa unaopima ujuzi wa wanafunzi katika hisabati na sayansi, ulirekodi masomo 231 ya hisabati ya darasa la nane katika Ujerumani, Japani na Marekani, kwa kamera moja kila darasa. Uliporudiwa mwaka 1999 na kupanuliwa kufikia nchi saba, kamera ziliwekwa mbili: moja inamfuata mwalimu, nyingine imesimama inawatazama wanafunzi. Mwalimu mwenye kamera moja hana anasa hiyo, lazima achague. Achague ile ya pili.

Namna ya kuiweka ni hivi. Chukua kona ya mbele ya darasa, upande wa madirisha, ili mwanga utokee nyuma ya simu. Ukiielekeza simu kwenye madirisha, nyuso zote zitatoka vivuli vyeusi, na hakuna programu itakayoziokoa baadaye. Urefu uwe kati ya mita 1.5 na 2, juu ya kabati au kiti kilichopandishwa mezani, ili kichwa cha mwanafunzi wa mbele kisimzibe wa nyuma. Simu ilazwe kimlalo. Ikisimama wima hukata safu za pembeni na kukuletea dari usiyoihitaji. Kwenye simu nyingi ukigusa uso ulio katikati ya darasa na kushikilia kidole, mwanga na fokasi hufungwa hapo. Usipofanya hivyo, kila wingu likipita picha inafifia na kung'aa tena.

Darasa la wanafunzi 60 halitaenea kwenye picha, na kulazimisha lienee ni kupoteza nyuso zote. Chagua kipande chenye wanafunzi 12 hadi 20, na kila rekodi ibadilishe kipande. Kishawishi kitakuwa kuanza na safu ya mbele, wanakokaa wanaonyoosha mikono. Anza nyuma pembeni.

Ubora wa picha wa 720p unatosha kusoma uso. Kwenye simu nyingi unakula takribani MB 40 hadi 60 kwa dakika, yaani kipindi cha dakika 40 kitahitaji GB 1.6 hadi 2.4 za nafasi tupu. Simu iwekwe kwenye hali ya ndegeni, maana zipo nyingi ambazo zikipigiwa hukata rekodi, na mwalimu hugundua akiwa nyumbani kwamba ana dakika 9 za mwanzo tu. Rekodi dakika moja ya majaribio kabla wanafunzi hawajaingia, kisha icheze. Dakika hiyo inaokoa vipindi vingi.

Panapoharibika zaidi ni kwenye sauti. Simu iliyo konani inanasa viti vinavyoburutwa, feni na mwangwi wa kuta, huku maneno yenyewe yakiwa mbali. Mahali pa wazi, kila umbali unapoongezeka maradufu nguvu ya sauti hushuka kwa desibeli 6, na darasani mwangwi huzidisha tabu. Dawa ni kifaa cha pili, hata simu ya zamani, kikae mfuko wa shati kikirekodi sauti peke yake. Kipindue kichwa chini, kwa kuwa maikrofoni ya simu nyingi iko kitako. Kikikaa wima maikrofoni inazama mfukoni na utasikia kitambaa kikisugua kuliko maneno. Faili la sauti ni dogo: kwa kiwango cha kilobiti 64 kwa sekunde, dakika 40 hazifiki MB 20. Vifaa vyote viwili vikishaanza, piga kofi moja zito mbele ya kamera. Ukioanisha lile kofi kwenye picha na kwenye sauti, rekodi mbili zinakwenda pamoja.

Kama kifaa ni kimoja tu, nashauri kianze na sauti, kikae mfukoni, na video ifuate siku nyingine. Kina faida ambayo video ya konani haina kabisa: mwalimu anapoinama kwenye daftari la mwanafunzi, kinanasa mazungumzo ya watu wawili. Hapo husikika mwanafunzi akieleza anavyofikiri, na hapo pia husikika mwalimu akimkatiza katikati ya sentensi ili ampe jibu.

Baada ya kurekodi, usitazame yote. Chagua dakika 5, uandike neno kwa neno kila kilichosemwa. Itakuchukua nusu saa au zaidi, na ni nusu saa yenye faida kuliko kutazama kipindi kizima ukiwa umejilaza. Huenda ukakuta kipande cha namna hii:

Mwalimu: Mmea unatengeneza chakula kwa kutumia mwanga wa…?
Wanafunzi: Juaaa!
Mwalimu: Pamoja na hewa ya kabonidayo…?
Wanafunzi: Ksaidi!
Mwalimu: Vizuri sana. Mmeelewa?
Wanafunzi: Ndiyooo!

Ukiwa umesimama mbele, kipande hiki kinanoga. Darasa limechangamka, sauti ni moja, mwalimu anapata nguvu ya kuendelea. Kikiwa kwenye karatasi kinasomeka vingine. Maswali ni matatu na hakuna hata moja lililomdai mtu kufikiri. Katika mawili ya kwanza mwalimu amejibu mwenyewe na kuwaachia wanafunzi mkia wa sentensi, au hata mkia wa neno. La tatu lina jibu moja tu lililo salama. Anayesema "hapana" mbele ya wenzake 40 anajitenga nao. Lugha yetu inaurahisisha mtindo huu, kwa kuwa maneno yetu huishia kwa irabu na yanavutika, kwa hiyo ukipandisha sauti kwenye silabi ya kati darasa zima linajua la kumalizia hata kama halijui maana.

Hapo ndipo kamera iliyowaelekea wanafunzi inapolipa. Rudisha nyuma ile sekunde ya "Juaaa!" uichezeshe polepole, midomo tu. Utawaona waliofungua mdomo mwalimu alipokuwa bado anamalizia "wa". Utawaona wengine ambao midomo yao inafunguka nukta moja baadaye, wenzao wakishaanza; hao wanafuata wimbo. Na utawaona ambao midomo haikufunguka kabisa. Sikio haliwezi kuyapambanua makundi haya, kwa sababu sauti za 40 zinafunika kimya cha wanane. Nafikiri hakuna kipimo cha uelewa ambacho mwalimu anaweza kukipata kwa gharama ndogo kuliko hicho, na anakipata bila kumtoa mtu ubaoni wala kumwaibisha.

Sisemi kiitikio kifutwe. Kinafaa kukariri hesabu za kuzidisha, kuamsha darasa la saa nane mchana, kufundisha matamshi ya neno jipya. Kisitumike kama ushahidi kwamba watu wameelewa. Mahali pa "mmeelewa?" pawekwe kazi ndogo inayoacha alama: "Andika kwenye daftari: usiku mmea unapumua au haupumui, na kwa nini? Mna sekunde 60." Kisha mwalimu apite na kusoma. Katika rekodi inayofuata kipande hicho kitakuwa kimya, na kamera itaonyesha kalamu zinazokwenda na kalamu zilizosimama.

Kimya ndicho kitu cha pili cha kupima. Mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alisikiliza mamia ya kanda za masomo ya sayansi ya shule za msingi na katika miaka ya 1970 akaeleza alichokuta: baada ya kuuliza swali, walimu kwa kawaida walingoja kama sekunde 1 tu kabla ya kulirudia, kulijibu au kumpa mwingine. Walipofundishwa kungoja sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka, "sijui" zikapungua, na wanafunzi waliohesabiwa kuwa wazito wakaanza kuchangia. Alikuta pia kwamba wanafunzi ambao walimu waliwaamini kuwa hodari walingojewa muda mrefu kuliko wale walioaminiwa kuwa dhaifu. Anayehitaji muda zaidi ndiye aliyepunjwa, na hakuna mwalimu aliyekusudia hivyo.

Kupima ni rahisi. Anzisha saa ya sekunde pale neno la mwisho la swali linapoisha, isimamishe sauti yoyote inapoanza. Halafu pima kimya cha pili, kile cha baada ya mwanafunzi kujibu. Rowe aliona kina uzito vilevile, kwa kuwa mwanafunzi husimama kidogo kuvuta pumzi na mwalimu anadhani amemaliza. Ukishaanza kupima utagundua hila ya kawaida: mwalimu aliyejiapiza kungoja anajaza kimya kwa kulirudia swali kwa maneno mengine. Hapo hajangoja. Amewapa swali jipya, na aliyekuwa anafikiria la kwanza inabidi aanze upya. Sekunde 3 pia hazina maana kwa swali la 7 mara 8. Ni za maswali yanayoanza na "kwa nini", "ingekuwaje" na "umejuaje".

Mtu akitaka picha ya jumla, ipo njia ya mtafiti wa ufundishaji, Ned Flanders, ya miaka ya 1960, ambayo huandika alama moja kila sekunde 3 katika makundi 10: saba ya maneno ya mwalimu, mawili ya wanafunzi, na moja la kimya au vurugu. Flanders aliona kwamba takribani theluthi mbili za muda wa darasa kuna mtu anaongea, na theluthi mbili za maongezi hayo ni za mwalimu. Kwa mwalimu mwenye daftari 40 za kusahihisha njia hiyo ni nzito, maana kipindi kimoja kinatoa alama 800. Ipunguze. Chukua dakika 10, kila baada ya sekunde 10 andika herufi moja: M mwalimu anaongea, W mwanafunzi anaongea, K kimya cha kazi. Utapata herufi 60 kwenye mstari, na mfululizo wa M 20 bila kitu kingine utauona kwa macho. Pembeni yake chora madawati na utie alama kwa kila aliyetajwa jina. Madawati yasiyo na alama hata moja baada ya rekodi mbili yana habari yake.

Nasisitiza kwamba haya yote yasifanywe kwa rekodi moja. Kabla ya kubonyeza kitufe, mwalimu aandike swali moja kwenye karatasi, na liwe linaweza kujibiwa kwa kuhesabu au kwa kunyooshea kidole. "Nafundishaje?" halijibiki. "Ni maswali mangapi niliyoyajibu mwenyewe?" linajibika. "Nikitoa zoezi, inachukua sekunde ngapi hadi nusu ya wanafunzi ninaowaona kwenye picha washike kalamu?" linajibika pia, na mara nyingi jibu lake hufichua kwamba maelekezo yalitolewa mara tatu kwa namna tatu. Asiye na swali atajihukumu mwili mzima kuanzia sauti hadi mwandiko, na atatoka na huzuni badala ya kazi.

Jambo ninaloliona hatari kuliko ubovu wa sauti ni rekodi kuingia kwenye faili la tathmini. Mkuu wa shule au mkaguzi akisema "nileteeni rekodi zenu nizipe alama", kesho yake zitaletwa rekodi za somo lililofundishwa jana na kurudiwa leo, wanafunzi wakiwa wamepangiwa nani ajibu nini. Simlaumu mwalimu atakayefanya hivyo. Mtu haonyeshi kidonda kwa anayeshika mshahara wake. Rekodi ni mali ya aliyefundisha, na yeye ndiye anayeamua nani aione na kwa dakika ngapi. Mwenye mamlaka anayetaka kusaidia atoe muda kwenye ratiba na stendi ya simu, kisha akae mbali.

Kumwonyesha mwenzako mmoja ni jambo jingine na linafaa sana. Mwonyeshe dakika 3 ulizochagua mwenyewe, mwambie swali lako, na mwekeane sharti kwamba sentensi zake za kwanza zianze na "nimeona" kabla ya "mimi ningefanya". Nchini Marekani Miriam Sherin na Elizabeth van Es wamechunguza kwa miaka vikundi vya walimu vinavyotazama vipande vya video pamoja. Mwanzoni mazungumzo huwa juu ya mwalimu aliye kwenye picha, alipaswa kufanya nini. Vikao vikiendelea yanahamia kwa mwanafunzi: alimaanisha nini aliposema vile, amelitoa wapi jibu hilo. Uhamaji huo ndio faida yenyewe, na kamera iliyoelekezwa kwa wanafunzi inauharakisha kwa sababu mwalimu wa kuhukumiwa haonekani.

Lakini kamera hiyo hiyo inaleta wajibu mzito zaidi, kwa kuwa sasa waliomo kwenye picha ni watoto wa watu. Ruhusa ya shule haitoshi; wazazi au walezi waandikiwe barua fupi inayosema rekodi ni ya nini, nani ataiona, na itafutwa lini, na wajibu kwa saini. Watoto wenyewe waambiwe pia. Ambaye mzazi wake amekataa akae upande usioonekana, na apangwe mapema pamoja na wengine ili asionekane ametengwa. Zima hifadhi ya mtandaoni inayojipakia yenyewe, maana simu nyingi hupandisha video zote kabla hujafika nyumbani. Usiweke hata kipande cha sekunde 10 kwenye kundi la WhatsApp la walimu, hata kama kinapendeza. Ukishahesabu ulichotaka kuhesabu, futa video na ubaki na karatasi yako.

Wanafunzi nao watacheza na kamera siku ya kwanza: watanyoosha shingo, watajirekebisha kola. Hilo halitibiki kwa kukaripia. Weka simu mahali pake vipindi viwili au vitatu bila kuchambua chochote, na ukianza kazi yenyewe kamera itakuwa sehemu ya ukuta.

Kilichobaki ndicho kinachosahaulika zaidi. Mwaka 1963, katika Chuo Kikuu cha Stanford, Dwight Allen na wenzake walianzisha ufundishaji mdogo: mwalimu mwanafunzi anafundisha wanafunzi wanne au watano kwa dakika 5 hadi 10, anarekodiwa, anatazama pamoja na msimamizi, anapanga upya, kisha anafundisha tena kipande hicho hicho kwa wanafunzi wengine. Kila ilipoigwa njia hii, hatua ya kurudia ndiyo iliyokuwa rahisi kuiacha, kwa kuwa inakula muda na haina kipya cha kuonyesha. Bila hatua hiyo mwalimu anabaki na orodha ya makosa yake.

Kwa hiyo siku ya kurekodi mara ya kwanza, andika pia tarehe ya mara ya pili, wiki mbili mbele. Swali libaki lile lile, simu ikae kona ile ile, somo liwe la aina ile ile, kwani kulinganisha kipindi cha marudio na kipindi cha mada mpya hakutakwambia kitu. Kama kwenye karatasi ya kwanza maswali 14 kati ya 20 yaliishia kwa mkia wa neno, hesabu ni mangapi safari hii. Kisha rudi kwa yule wa dawati la nne ambaye mdomo wake ulikuwa unafunguka baada ya wenzake, umtazame tena polepole.